Malalamiko Kuhusu Sekunde Saba za Kimya

Idara ya Jiolojia,
Chumba cha chini, jirani na mitambo ya kupasha jengo joto,
Chuo Kikuu cha Souris,
Manitoba.

Jumatano, 12 Machi

Kwa Dkt. Verna Thiessen,
Mkurugenzi, Kituo cha Ufundishaji Bora.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUPINGA KUFUNDISHWA KUNYAMAZA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, kwamba theluji ya juzi haikukufungia ndani na gari lako bado linawaka asubuhi. Mimi si mzima sana. Sababu ya kutokuwa mzima ni ofisi yako, na nalisema hilo kwa heshima zote unazostahili.

Naitwa Orest Kostiuk. Ni msaidizi wa kufundisha, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Kwa miaka yote hiyo nimesimamia maabara ya Alhamisi mchana, ile ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaojifunza kutambua mawe. Katika kazi hii nimekula chumvi nyingi, na hapo sitanii: sinia yetu ya mawe ina kipande cha chumvi ya mgodini, na njia ya haraka ya kukitambua ni kukilamba, nami nimekilamba mbele ya kila darasa tangu nilipoajiriwa. Kilikuwa kikubwa kama ngumi. Siku hizi kinaingia kwenye mfuko wa shati.

Sasa nimepata barua yako inayosema kwamba ifikapo Ijumaa hii saa sita mchana niwe nimerudisha fomu ya Mpango wa Kuwaendeleza Wasaidizi Wazoefu, ikiwa na sahihi yangu kwamba nimeumaliza mpango na nimekubali kuufuata. Nisiporudisha, kuanzia Septemba maabara ya Alhamisi atapewa mtu mwingine. Mheshimiwa, sina mke, sina mbwa, na tasnifu yangu ya shahada ya uzamivu ina sura mbili na nusu. Nilicho nacho ni hiyo Alhamisi. Wiki nzima naisubiri, na ikipita naanza kuisubiri tena.

Hata hivyo siwezi kusaini kabla sijatoa yaliyo moyoni. Nimeyapanga kwa namba ili yakae vizuri kwenye faili.

1. Kuhusu kuulizwa. Mwezi wa Septemba ofisi yako ilitutumia wazoefu kumi na tisa swali moja: mngependa kujifunza nini? Ulikuwa uungwana, na niliupokea hivyo. Nikajibu kwa neno moja: "Hakuna." Baadaye nilisikia kwamba kumi na mmoja kati yetu waliandika neno hilohilo, bila kuambizana. Mtu yeyote mwenye akili timamu angefunga faili akaenda zake nyumbani kula. Ofisi yako ilichukua majibu yetu ikayabandika ukutani kwa vikaratasi vya rangi, ikayatazama siku mbili, ikatangaza kwamba hitaji letu kubwa ni kutojua tunachohitaji. Hivyo mpango mzima wa wiki sita umejengwa juu ya neno tuliloandika ili tuachwe kwa amani. Ningejua, ningeandika kwamba nataka kufundishwa kuingiza alama kwenye kompyuta, tukamaliza kwa saa moja.

2. Kuhusu mstari. Siku ya kwanza mwezeshaji wenu alituamuru tusimame na kujipanga ukutani kwa miaka ya uzoefu, mgeni mwanzo, mkongwe mwisho, bila mtu kufungua kinywa. Tulionyeshana vidole kama watu wanaonunua ng'ombe mnadani. Nilijikuta mwisho kabisa, mgongo wangu ukigusa mtungi wa kuzimia moto. Aliyenifuata alikuwa dada mmoja wa Kemia mwenye miaka mitano, na kati yangu na yeye lilibaki pengo la kuegesha trekta. Mwezeshaji akalitazama lile pengo, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kufariji wafiwa, "Orest, unajisikiaje hapo ulipo?" Nikamjibu, "Najisikia baridi, dada, mlango uko nyuma yangu." Watu wakacheka. Siku ile sikulalamika, nalalamika leo.

3. Kahawa ilikuwa ya boksi, na donati ziliisha kabla sisi wa mwisho wa mstari hatujafika mezani.

4. Kuhusu Noelle. Hapa naomba usome taratibu.

Mpango wako unaagiza kwamba kila mzoefu akatazamwe darasani na mgeni, na kwamba huyo mgeni asiseme hili zuri wala hili baya, kazi yake iwe kuhesabu tu. Mimi nikapangiwa Noelle Desjarlais. Ana umri wa miaka ishirini na tatu, na ameanza kazi hii Septemba iliyopita. Nilimfundisha mwenyewe kutambua mawe alipokuwa mwaka wa kwanza. Alikuja akakaa nyuma karibu na sinki, saa ya kupimia mbio ikimning'inia shingoni kama kocha wa hoki, akaandika saa nzima bila kuinua uso. Darasa lilipotawanyika nilimfuata, maana nami ni binadamu, napenda kusifiwa.

"Kaka Orest, maswali yako mazuri kweli," aliniambia. "Umeuliza arobaini na moja."

Nikamwambia asante.

"Thelathini na tisa umejijibu mwenyewe."

"Na mawili?"

"Moja kengele ya moto ililia. La pili ulimuuliza Kelvin kama amefunga bomba, akasema ndiyo."

Akanionyesha daftari. Kwa wastani, kati ya mwisho wa swali langu na mwanzo wa jibu langu inapita sekunde sifuri nukta tisa. Nikamweleza kwamba hiyo ni huruma. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hawa watoto hawajui, nawaokolea aibu."

"Sasa umejuaje hawajui?" akaniuliza.

Swali hilo niliamua kulinyamazia, na kwa bahati mbaya yeye alilihesabu.

5. Kuhusu kimya chenyewe. Baada ya takwimu za Noelle nilipewa zoezi: kila nikiuliza swali darasani, nihesabu sekunde saba moyoni kabla ya kutamka chochote. Mheshimiwa, sekunde saba ni chache kwa mtu anayezisoma ofisini akiwa na chai. Mbele ya wanafunzi ishirini na wanne ni ndefu mno. Sisi watu wa huku kimya tunacho cha kututosha. Ukitoka nje ya mji kilomita mbili kimejaa mpaka upeo wa macho, na hakuna sababu ya kukiingiza ndani ya majengo. Nyumbani kwetu, watu wakinyamaza mezani ujue kuna msiba au kuna mtu amerudisha trekta nyuma bila kutazama.

Hata hivyo nilijaribu. Niliinua jiwe jeusi lenye maganda, nikauliza, "Hili ni madini gani?" nikafunga kinywa. Sekunde ya kwanza na ya pili zilipita salama. Ya tatu, huyo Kelvin Guenther, anayekaa mbele na kofia yake haivui, akamgeukia mwenzake: "Jamani, ticha ameganda."

"Mzime umwashe tena," mwenzake akasema.

Ya nne nikatabasamu, na nimeambiwa baadaye kwamba tabasamu lile ndilo lililoharibu kila kitu. Ya tano binti mmoja akaniuliza kama nahitaji kiti, akasema mjomba wake alianza hivyohivyo. Ya sita nikashindwa. Nikapiga ukelele, "Mika!" kama mtu aliyeshinda bingo. Kule nyuma Noelle akaandika sita.

Alhamisi iliyofuata walikuwa wameshanishtukia. Nikauliza, nikangoja, nao wakangoja. Kelvin akafungua mkate wake wa mayai, akautandaza mezani, akasema, "Tulieni, tuone nani atakubali kushindwa." Tumbo la mtu likanguruma. Ilipotimia ya saba nikajibu upesi, nikamtazama Noelle kwa ushindi. Baada ya darasa akaniambia kwamba saba ndicho kiwango cha chini. "Siyo bomu, kaka," alisema, "kwamba ikifika saba lazima ulipuke."

5 (b). Nimelitenga hili kwa sababu si la darasani, bali ni matokeo yake. Ugonjwa huu umenifuata mpaka nyumbani. Jumapili nilikwenda Dauphin kwa mama kula pirohi, zile sambusa zake za viazi za kuchemsha. Akaniuliza, "Nikuongeze pirohi?" nami kwa mazoea mabaya niliyoyapata kwenu nikaanza kuhesabu. Nilipofika tatu alikuwa ameshaninyooshea mwiko. Nilipofika tano aliuweka chini. Nilipofika saba alikuwa kwenye simu na dada yangu: "Orest kaacha kula. Sijui ni mwanamke, sijui ni ile tasnifu." Dada aliendesha gari saa moja na nusu kuja kunitazama. Pirohi zangu zililiwa na watoto wake.

6. Kuhusu Profesa Sigurdson. Hili nilitaka kuliacha, lakini malalamiko nusu si malalamiko.

Profesa Sigurdson ndiye msimamizi wa tasnifu yangu. Kila mwisho wa mwezi ananiita, ananiuliza, "Utamaliza lini, Orest?" nami kwa miaka mitano nimemjibu kabla hajafumba mdomo, "Kiangazi kijacho, Profesa." Yeye husema "Vizuri," kisha tunazungumzia matokeo ya timu yake. Ni utaratibu mzuri na haujawahi kumdhuru mtu. Mwezi uliopita akauliza kama kawaida, na kimya chenu kikanikamata. Swali likabaki mezani kati yetu. Kwenye sekunde ya nne niliona ameacha kukoroga chai. Kwenye ya saba nikagundua kwamba sijui, na kwamba sikuwa najua tangu mwaka ule wa kwanza niliposema kiangazi kijacho.

"Sijui, Profesa," nikasema.

Akavua miwani. "Mimi nilidhani unajua, mwanangu," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nauliza huku nakoroga chai."

Tangu hapo anataka kuona kurasa zangu kila baada ya wiki mbili, na hasara hiyo naiandika kwa jina la ofisi yako. Ila siku ile nilirudi ofisini kwangu nikakaa na koti langu la baridi bila kulivua, na naomba nikwambie wazi, Mheshimiwa, niliogopa. Kama lile jibu nililokuwa nalitoa upesi kuliko yote halikuwa na kitu chini yake, basi nilijiuliza habari za yale mengine thelathini na tisa. Mtu wa mwaka wa tisa hapaswi kujiuliza hivyo. Ndiyo maana nimekasirika kiasi hiki.

7. Kuhusu mantiki ya jambo zima. Tuseme mmeshinda. Tuseme kunyamaza ndiko kufundisha, na anayenyamaza zaidi ndiye mwalimu bora. Kama ndivyo, chuo kinapoteza muda na mimi wakati mlangoni petu kuna jiwe kubwa lililoachwa na barafu za kale, urefu wake ni kama wa gari, umri wake ni zaidi ya miaka bilioni mbili. Uzoefu wake sitaushindania. Halijawahi kujijibu swali hata moja. Halihitaji meza wala ufunguo wa choo cha wafanyakazi, na donati zikiisha halinuni. Wanafunzi wanalipenda, wanaliegemea na kulipanda, na najua wawili waliochumbiana juu yake mwezi wa Oktoba. Noelle akilipima, saa yake itaishiwa betri.

Lakini nalo, kwa kufuata mpango wako, itabidi liendelezwe. Litaulizwa lingependa kujifunza nini, halitajibu, na mtabandika kutojibu kwake ukutani kwa kikaratasi cha rangi ya chungwa. Litapangwa mstarini, na pengo kati yake na mimi litafika mpaka barabara kuu. Halafu litatakiwa litazamwe na mgeni, na kwa kuwa mgeni wa jiwe ni kokoto, Kituo kitalazimika kuajiri kokoto na kulifundisha kuhesabu. Sioni mtakapoishia. Nakutahadharisha mapema kwa nia njema.

Kwa hayo yote naomba yafuatayo:

(a) Mpango uvunjwe mara moja, na vikaratasi vya rangi vipelekwe shule ya chekechea ambako vitafanya kazi ya maana.

(b) Nipewe cheti chenye fremu, kilichosainiwa na mkuu wa chuo, kinachothibitisha kwamba Orest Kostiuk amemaliza kujifunza kufundisha na asisumbuliwe tena maisha yake yote.

(c) Noelle Desjarlais azuiwe kushika saa ya aina yoyote ndani ya mita mia moja kutoka Idara ya Jiolojia. Simchukii. Akija bila saa nitampa kahawa.

(d) Kama (a) mpaka (c) haziwezekani, basi maabara ya Alhamisi lipewe lile jiwe la mlangoni. Ni afadhali nishindwe na jiwe kuliko kushindwa na mtu niliyemfundisha mwenyewe kushika nyundo.

(e) Kama hata hilo haliwezekani, tushushe sekunde kutoka saba hadi mbili, nasi tutaelewana kama watu wazima.

Nisalimie mwezeshaji, mwambie mlango ule bado unapitisha baridi. Nisalimie anayeagiza kahawa, bila kinyongo. Nisalimie mumeo, nimesikia aliteleza kwenye ngazi za kanisa, apone haraka. Nisalimie na wale wazoefu kumi walioandika "Hakuna" pamoja nami, ukiwaona waambie msimamo wangu haujatetereka.

Wako mtiifu katika mambo mengine yote,

Orest Kostiuk,
Msaidizi wa Kufundisha (Mzoefu).

Tanbihi. Leo ni Alhamisi jioni. Barua hii niliifunga jana, nikaiweka mfukoni nikikusudia kukuletea kwa mkono baada ya maabara, na sasa nimeichana bahasha ili niongeze haya.

Niliingia darasani leo kwa nia mbaya. Nilitaka kunyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba Noelle mwenyewe aombe tusitishe, nipate ushahidi wa kuambatanisha. Nikachukua kwenye sinia jiwe namba kumi na saba. Ni jeupe, lina chembechembe za kumetameta kama sukari. Kwa miaka mingi, na kwa darasa hili tangu wiki ya kwanza, nimeliinua na kusema, "Hili ni jiwe gani, marumaru," kwa pumzi moja. Leo nikasema nusu ya kwanza, nikafunga kinywa. Saba zikapita. Kumi zikapita. Kelvin akasema, "Leo kapania huyu," kisha naye akanyamaza. Nikasikia mabomba ya joto yakigonga ukutani.

Mheshimiwa, katika kurasa zote nilizoandika jana hukuona jina la Mama Doreen Buhler. Sikumtaja kwa sababu kwa wiki tisa sijawahi kusikia sauti yake. Ni mama wa miaka hamsini na sita, anakaa dirishani na mkoba wake mapajani, amekuja kusoma baada ya familia yake kuuza shamba. Ilipofika kama sekunde ya ishirini alinyanyua mkono nusu, akasema, "Samahani, mwalimu. Hilo si marumaru."

Nikataka kumjibu. Sijui ni nini kilinizuia, labda ni hasira tu ya kutaka kuendelea kunyamaza.

"Shambani kwetu tumeyaokota hayo miaka arobaini," akaendelea. "Kila theluji ikiyeyuka unakuta baridi imeyasukuma juu, unayaokota, mwakani yapo tena. Jembe la trekta likiligonga hilo linatoa cheche. Marumaru ni laini, haitoi cheche. Hebu likwaruze kwenye kioo, baba, utaona."

Kelvin alikuwa ameshainuka kuleta kioo. Jiwe likachora mstari mweupe toka ukingo hadi ukingo, na marumaru haichori kioo. Mwingine akaleta asidi. Marumaru ukiidondoshea asidi inatoa povu. Tone likakaa pale juu limetulia, tukalitazama wote ishirini na sita, halikufanya chochote. Ni kwatzaiti. Ni mchanga ulioshikana ukawa mgumu kuliko kisu, na mtoto yeyote aliyekulia shambani huku amewahi kuurushia uzio jiwe kama hilo. Darasa likalipuka, Kelvin akipiga meza na kupiga kelele, "Mama Doreen! Mama Doreen!" na yule mama akicheka huku amejifunika uso kwa mkoba.

Nikaenda kabatini kutazama orodha ya majibu. Namba kumi na saba, marumaru, kwa mwandiko wangu. Nilikumbuka mara moja. Katika mwaka wangu wa pili jiwe la zamani lilipotea, nikachukua jingine lililofanana nalo kwenye boksi, nikalibandika namba. Sikulipima kwa kioo wala kwa asidi, kwa kuwa nilikuwa nalijua. Na wanafunzi hawakulipima pia, kwa kuwa kabla hawajashika kioo nilikuwa nimeshawaambia. Noelle alikuwa amesimama kando yangu anaisoma ile orodha. Naye nilimfundisha marumaru.

Walipoondoka nilimuuliza Mama Doreen kwa nini hakusema siku zote hizi. Hakuwa na ubaya wowote. "Nilijua toka wiki ya kwanza," akasema. "Kila nikivuta pumzi niseme, unakuwa umeshajibu."

Kwa hiyo naomba uyafute malalamiko yangu yote isipokuwa namba tatu, maana kahawa ile kwa kweli haikufaa. Fomu nimeiambatanisha, imesainiwa. Alhamisi bado naiomba. Jana niliiomba kama mtu anayedai kilicho chake, leo naiomba nikiwa sina hakika kwamba naistahili, na uamuzi wako nitaukubali.

Ila nina ombi jingine, na hili si la kejeli. Naomba ofisi yako inisaidie kupata majina na anwani za wanafunzi wote waliopita kwangu tangu mwaka ule wa pili. Ni kama mia nne. Wengi wao niliwafundisha kosa, nitawaandikia niwaambie. Lakini nimekaa na vitabu vya alama na majibu ya mitihani ya zamani toka saa kumi, na nimewakuta watano ambao kwenye mtihani walilipima lile jiwe na kuandika kwatzaiti, nami nikawakata kwa kalamu nyekundu. Hao nataka kuanza nao. Wa kwanza ni binti mmoja, Shayla Vandal, wa mwaka wangu wa tatu. Alikuja mpaka ofisini kwangu na karatasi yake mkononi kuniuliza kwa nini amekosa, na nilimjibu kabla hajamaliza kuuliza.